Kuitwa "boya": neno limetoka wapi, na lina uzito gani

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko Igombe hapa Mwanza, huu ni mwaka wangu wa kwanza kwenye boti ya dagaa. Nikikosea kidogo tu nahodha ananiita boya, na wenzangu wanacheka. Mmoja wao ameniambia neno hilo limetoka kwenye Kiingereza, boy, yaani mtumishi wa nyumbani. Mwingine anasema ni boya hili hili la kwenye nyavu. Nani yuko sahihi? Na je, ni tusi la kweli au ni utani? Mama yangu nikilitamka nyumbani anawaka, lakini vijana wenzangu wanaitana hivyo kutwa nzima na hakuna anayekasirika."

Jibu: Marahaba, kijana wangu, na pole na kazi za usiku. Nikutoe wasiwasi mapema: aliyekwambia ni boya la nyavu ndiye aliye sahihi. Unaitwa kwa neno lile lile mnalolifunga kwenye kamba mkitengeneza wavu, na halina undugu na hiyo boy ya Kiingereza. Swali la uzito wake ndilo refu, kwa sababu uzito wa neno hili hupanda na kushuka kufuatana na viambishi vidogo vinavyoandamana nalo, na wengi wanaolitumia hawatambui kwamba midomo yao inafanya kazi hiyo. Nitafika huko.

Tuanze na maana yake ya mtaani. Boya ni mtu anayeshindwa kazi aliyopewa, anayechelewa kung'amua mambo, na ambaye ni rahisi kuchezewa. Konda akimrudishia abiria chenji ya elfu kumi wakati alipewa elfu tano, dereva atamwita boya. Kijana akimtumia pesa kwa simu msichana ambaye hajawahi hata kumwona, rafiki zake watamwambia "umefanywa boya". Na mwenye duka anayehisi anataka kutapeliwa atasema "usinifanye boya". Ishike hiyo ya kufanywa, kwa sababu ndani yake mna ufunguo wa asili ya tusi lenyewe. Boya huwa kuna mtu au jambo linalompeleka.

Hapo ndipo linapoachana na ndugu zake. Lugha yetu ina maneno mengi ya kumkejeli asiyejua, na kila moja lina kona yake. Kilaza ni wa darasani: kichwa chake hakipokei masomo, na husikii mtu akisema amefanywa kilaza. Zuzu ni mtu aliyezuzuka, kama mgeni aliyeshuka stendi ya Nyegezi na begi lake, anaduwaa, hajui ashike daladala ipi. Akizoea mji, uzuzu umekwisha. Mshamba anasemwa kwa alikotoka, na hilo ndilo ninalolichukia kuliko yote, maana linamhukumu mtu kwa jembe la baba yake. Sisi Wasukuma tumebebeshwa sana neno hilo kila tunapofika Dar es Salaam, pamoja na kuchekewa lafudhi, na sijaona bado sababu ya kulizoea.

Lipo garasa, ambalo wengine hulitamka galasa. Hilo limetoka kwenye karata: ni karata isiyo na pointi, inayokujaa mkononi bila faida. Nenda uwanja wa CCM Kirumba timu ya nyumbani ikifungwa utalisikia likirushwa kwa mshambuliaji aliyesajiliwa kwa mbwembwe akawa hafungi. Garasa analaumiwa aliyemchagua pamoja naye mwenyewe. Lofa nalo ni la Kiingereza kweli, loafer, mtu wa kuzurura asiye na kazi wala kipato. Wengi wenu mlikuwa wadogo, lakini Agosti 2015, kwenye uzinduzi wa kampeni za CCM viwanja vya Jangwani, Rais mstaafu Benjamin Mkapa alilitumia neno malofa kwa wapinzani, na nchi nzima ikaingia kwenye mjadala wa neno moja. Nalitaja kwa sababu litanisaidia hapo chini kumjibu rafiki yako wa nadharia ya boy.

Sasa asili. Neno boya lilitufikia kutoka Kireno, boia. Wareno walifika pwani yetu na Vasco da Gama mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, na wakang'olewa hapo na Waomani mwaka 1698. Katika karne hizo mbili hawakutuachia sarufi wala misemo; walituachia majina ya vitu. Meza, kasha, leso, bendera, mvinyo, parafujo, karata na turufu yake, yote ni yao. Hata gereza, ambalo kwao, igreja, lilikuwa kanisa. Baharia akiona kitu kipya kwenye chombo cha mwenzake huuliza kinaitwaje, na jina alilojibiwa huondoka nalo. Boya liliingia kwa mlango huo huo.

Usidhani kabla ya Wareno Waswahili walikuwa hawajui kuelesha wavu. Walikuwa na neno lao la nyumbani, chelezo, linalotokana na kuelea, na lipo kwenye kamusi mpaka leo. Maneno haya mawili yamegawana kazi bila ugomvi. Boya limebaki kwa kitu kidogo kinachofungwa kamba, na chelezo limepanda cheo: pale Bandari ya Mwanza Kusini, mahali palipojengwa kwa ajili ya kuunda meli ya MV Mwanza na kuishusha majini, panaitwa chelezo. Mtu wa Mwanza analisikia neno la kale la mabaharia wa pwani kwenye taarifa ya habari, na pengine hajui kwamba anasikia ndugu wa boya.

Kutoka pwani hadi huku ziwani boya lilisafiri na Kiswahili chenyewe. Kwanza ilikuwa misafara ya karne ya 19 iliyopita Tabora na kufika Usukuma, kisha Wajerumani walioweka kituo chao Mwanza mwaka 1892 na kuendesha utawala wao kwa Kiswahili, kisha reli iliyofika hapa mwaka 1928 na kuleta watu wa kila kabila. Mwaloni, yaani ufukweni boti zinapotia nanga na samaki kuuzwa, ndipo makabila hayo yalipokutana kikazi: Msukuma, Mkerewe, Mjita, Mzinza, Mkara, Mluo. Kila mmoja alikuwa na majina yake ya zana za uvuvi kwa lugha ya mama, lakini boti moja ikiwa na watu wa makabila manne lazima amri itolewe kwa lugha moja, vinginevyo wavu unachanika.

Na ile boy? Naelewa kwa nini watu wanaipenda. Ina uchungu ndani yake: mkoloni alimwita mtu mzima mwenye wajukuu boy, na kijana akisikia boya anadhani ni jeraha lile lile. Lakini Kiswahili kilishalipokea neno hilo zamani, na kililipokea kama boi, wingi maboi, kwa maana ya mtumishi wa kiume wa nyumbani. Lipo kwenye kamusi, na wazee waliowahi kufanya kazi kwenye nyumba za Wazungu wanalijua vizuri. Halikuhitaji a ya mwishoni.

Tazama jinsi maneno ya Kiingereza yanavyoingia kwetu. Yakiishia konsonanti tunayaongezea irabu, mara nyingi i au u: benki, basi, shati, kilabu. A ya mwisho huja zaidi pale ambapo Kiingereza kina er au ure mwishoni: dreva, sweta, picha, na yule lofa niliyemtaja. Neno boy halina mkia wa namna hiyo. Jambo hilo hilo linatusaidia kupima dai jingine, kwamba boya la nyavu limetoka kwenye buoy ya Kiingereza. Kama lingetoka huko, tungekuwa na boi la pili. Ile a ya mwisho ni alama ya Kireno. Neno la Kiingereza na la Kireno ni ndugu wa ukoo mmoja huko Ulaya, ila lililopanda jahazi kuja kwetu ni la Kireno.

Kuna na wanaolihusisha na kuboa, kama katika "hii sinema inaboa". Hilo ni tendo lililotokana na bore ya Kiingereza, halina y na maana yake ni kuchosha. Tuliache.

Kwa hiyo tuna neno la kitu. Limekuwaje jina la mtu asiyeweza kazi?

Hapa nitakueleza ninavyoliona mimi, na sababu zangu. Boya lina sifa mbili zinazoonekana kwa macho hata na asiyejua uvuvi. La kwanza, linaelea na kupelekwa: wimbi likija kushoto linakwenda kushoto, upepo ukigeuka nalo linageuka. La pili, lile la plastiki ndani ni tupu, ni hewa. Tusi lingeweza kuzaliwa kwenye mojawapo, na Kiswahili kilikuwa na viti tayari kwa zote mbili. Mtu asiye na msimamo tulishamwita bendera fuata upepo, na bendera nalo ni la Wareno. Mwenye maneno mengi bila akili tulishamwambia debe tupu haliachi kuvuma.

Naegemea kwenye kupelekwa, na sababu ni ile kauli ya kufanywa boya. Anayefanywa boya anasukumwa na mwenye akili kuliko yeye, anafuata, anadhani anakwenda kwa hiari yake. Maana ya kushindwa kazi imekuja baadaye, kwa jirani: asiyejiongoza mwenyewe hawezi kuaminiwa na kazi. Utupu wa ndani ungetupa tusi la mtu msemaji sana au mwenye majivuno, na boya halitumiki hivyo. Hata huku ziwani hewa si kitu cha kudharau. Ule mfuko wa hewa ndani ya sangara, bondo, ndio unaotafutwa na wanunuzi wa soko la China, na kilo ya bondo ina bei ambayo kilo ya nyama ya samaki huyo huyo haiisogelei.

Lakini kuna jambo linalonikera katika tusi hili, na wewe wa Igombe utalielewa kuliko wasomaji wangu wengine. Aliyelibuni alikuwa amesimama nchi kavu.

Kaa karibu na mvuvi wa nyavu za kutega akiwa anaunga wavu mpya. Anachukua kandambili zilizochakaa, anazikata vipande vya upana wa vidole viwili, anatoboa kila kipande kwa msumari uliopashwa moto, halafu anavipitisha kwenye kamba ya juu kimoja kimoja, akipima nafasi kwa mkono wake, kiganja hadi kiwiko. Kamba ya chini anaifunga vijiwe au risasi. Wavu ukishushwa, mawe yanavuta chini, maboya yanavuta juu, na katikati ya ugomvi huo wavu unasimama wima. Maboya yakizidi, wavu unapanda kuelekea juu. Yakipungua, unalala chini. Kwa hiyo idadi yake haikisiwi hovyo. Anayetaka sato wa karibu na ufukwe hapangi kama anayemtaka sangara wa kilindini.

Kwenye ncha ya wavu hufungwa dumu tupu lenye kifuniko kilichokazwa sawasawa, mara nyingi na kijiti chenye kitambaa. Hilo ndilo boya kubwa. Alfajiri boti ikirudi, macho yote yanatafuta dumu lile. Likionekana, kazi inaanza. Lisipoonekana, boti nzima inanyamaza, kwa sababu kila mtu anajua wezi wa nyavu huanza kwa kukata boya. Na kwenye dagaa wewe mwenyewe unaona usiku wa giza taa za sola zikiwa zimeeleshwa juu ya maji zikivuta samaki. Bila chombo kinachozielesha, taa iko chini ya ziwa na dagaa wako kwenye giza lao.

Boya lenye kamba, basi, ndilo linaloshikilia kazi yote. Linalozurura ni lile lililokatika. Tusi limechukua sura ya boya lililokatika na kulipa jina la maboya yote. Ndiyo maana naamini lilitengenezwa mjini, na watu wanaoona kitu chekundu kinacheza juu ya maji bila kuona kamba iliyo chini yake, kisha likaja mwaloni likiwa tayari tusi, pamoja na mitindo mingine ya maneno ya vijana. Mvuvi angetafuta tusi kwenye zana zake asingeanzia hapo.

Na kwa watu wa ziwa hili neno lina maana ya tatu, ambayo sioni vizuri kuipita bila kuitaja. Tunapozungumzia vivuko, boya ni kifaa cha kuokolea: lile duara linaloning'inizwa ubavuni mwa meli, na katika mazungumzo ya kawaida hata jaketi la kujiokolea. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza ikitokea Bukoba, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka hatua chache kabla ya kufika Ukara, ikaua watu zaidi ya 200. Baada ya misiba hiyo, swali lililokuwa midomoni mwa kila mtu kwenye vivuko lilikuwa hilo: maboya yapo? Kuna familia Ukerewe na Bukoba ambazo neno hili kwao halitakaa liwe la kuchekea. Ukimwona mzee hacheki vijana wakiitana boya, usiharakishe kusema hajui lugha ya kisasa.

Mafundi nao wana la kwao. Boya la tenki la maji ndilo linalofunga koki maji yakijaa. Likiharibika, maji humwagika usiku kucha. Hapo tena, kitu hakipo kwa mapambo.

Lakini kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Uliuliza kama ni tusi la kweli. Sikiliza sarufi ya nahodha wako.

Boya la wavu liko kwenye ngeli ya li-ya: boya hili limepasuka, maboya haya yameisha. Neno lilipohamia kwa watu, likachukua upatanisho wa viumbe hai: boya huyu amechelewa, maboya hawa wamesahau kasia. Huo ndio utumizi wa kawaida, na ndio mwepesi. Pamoja na kejeli yake, msemaji bado anakuhesabu mtu. Kiambishi chake kinakiri hivyo. Ila kuna wanaorudisha ile ya vitu: "Boya hili halijui kitu. Boya lile liambie likae kando." Hapo uzito umebadilika kabisa. Ni mtindo wa zamani wa Kiswahili wa kumshusha mtu kwa ngeli, kama tunavyosema zee lile, jitu hili, toto lile. Neno ni moja, lakini la pili limekutoa kwenye kundi la watu.

Kuna na daraja za chini yake. Nahodha akisema "umefunga kiboya", amelaumu fundo. Akisema "acha uboya", amelaumu tabia, na tabia anaamini unaweza kuiacha, ndiyo maana anakuamuru. Akisema "boya wewe!", jina likitangulia na wewe ikifuata, amekulaumu wewe mzima, ndiyo sura ya matusi yetu mengi, mjinga wewe, mpumbavu wewe. Na sauti nayo ina lake. Kwa marika, likisemwa kwa kuvuta, "boooya!", huwa ni kucheka pamoja.

Kwa barua yako fupi siwezi kujua nahodha wako analisema vipi. Wewe unajua. Kama ni kiboya na uboya, nakushauri ulichukue kama lugha ya kazi ya mtu mwenye haraka, usiku, kwenye maji, ambaye kosa lako linaweza kumgharimu wavu au maisha ya mtu. Kama ni boya hili na boya lile, tena mbele ya wateja pale mwaloni, basi unadhalilishwa, na una haki ya kusema.

Usiseme mkiwa majini. Nahodha hajibiwi katikati ya wimbi, na wewe unajua kwa nini. Subiri siku za mbalamwezi, dagaa wanapokuwa hawavutwi na taa na boti ziko juu ya mchanga, mnashona nyavu. Mwendee peke yake, umpe shikamoo yake, umwambie: "Nahodha, nikikosea naomba uniambie nilichokosea, nijirekebishe. Hilo jina linanifanya nisisikie kosa lenyewe." Maneno ya namna hiyo hayamvunjii heshima, na yanamwachia mahali pa kurudi. Ongeza na ombi la kufundishwa majina ya kazi. Nimeona wageni wengi mwaloni wanaitwa maboya kwa sababu tu hawajui maneno: anaambiwa ashike kamba ya juu anashika ya chini, anaambiwa aende omo, mbele ya chombo, anakwenda tezi, nyuma yake. Kazi anaiweza, anachokosa ni msamiati, na msamiati hufundishika kwa mchana mmoja wa kushona wavu.

Wapo watakaokushauri uende polisi. Sheria ipo: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 89, inakataza lugha ya matusi inayotolewa kwa namna ya kuweza kuvunja amani. Haitaji orodha ya maneno; inaangalia lilivyosemwa na linavyoweza kuleta. Kwa neno hili, kazini, kati ya watu wanaolala boti moja, mimi ningeanza na kikao, na tajiri wa boti akiwepo ikibidi.

Kuhusu kicheko cha wenzako: utani tumeurithi. Wanyamwezi na Wasukuma wamekuwa watani wa watu wa pwani tangu enzi za misafara, na mtani anaruhusiwa kusema ambayo ndugu haruhusiwi. Lakini utani una sharti lake kongwe, kwamba pande zote mbili zina ruhusa. Jipime hivi: je, na wewe unaweza kumwita nahodha boya akikosea, naye akacheka? Kama huwezi, huo haujawa utani bado, ni mkubwa kumsema mdogo. Kwa vijana wenzako wa boti ambao unawarudishia na mnacheka wote, hapo ni utani kamili, wala usijisumbue.

Limebaki la mama. Hajakosea, na nyinyi vijana hamjakosea. Kwa kizazi chake, kumpa mtu jina la kitu asichokuwa ni tusi, liwe boya, liwe gogo, liwe gunia; haangalii limekuwa la kawaida kiasi gani mtaani. Kwenu limeshachakaa kwa kutumika, limebaki kama kusema "we bwana". Neno la mitaani halipotei makali kwa watu wote siku moja. Linaanza kuwa butu kwa wanaolitumia sana, na linabaki na makali kwa wasiolitumia. Nyumbani kwa mama, msemaji mwenye mamlaka ni mama. Wadogo zako wakikusikia unalitumia mezani watalipeleka shuleni, na mwalimu atakayewasikia hatauliza kama walisema boya huyu au boya hili.